Protini za uvimbe zinavyobashiri kurejea kwa saratani ya matiti

MWANAMKE anayemaliza matibabu ya saratani ya matiti huondoka hospitalini na swali moja ambalo hakuna daktari awezaye kumjibu kwa uhakika kamili: je, ugonjwa huu utarudi?

Katika Hospitali ya Machakos Level 5, yenye kituo cha kuwatibu wagonjwa wa saratani katika eneo la Ukambani, swali hilo si geni. Wanaouliza ni akina mama waliokwisha kukatwa titi, wakavumilia vikao vya tibakemikali, nywele zikawatoka na kuota tena, kisha wakarejea Masii, Kathiani au Matuu kuendelea na shughuli zao.

Kila maumivu ya mgongo, kila kikohozi kisichopona haraka, huwa kwao ni tishio.

Jibu, kwa kadiri ambayo sayansi imeweza kulitoa, limo katika kile kipande cha nyama kilichotolewa kwenye titi mwanzoni kabisa mwa safari hiyo. Humo mna protini ambazo, zikipimwa ipasavyo, humweleza daktari iwapo saratani ina mwelekeo wa kurudi, ni katika miaka ipi hatari huwa kubwa zaidi, na ni dawa gani inayoweza kuizuia.

Tatizo ni kwamba protini hizo huharibika upesi, na uharibifu ukitokea, ripoti ya maabara inaweza kusema uongo bila mtu yeyote kutambua. Kenya imewahi kuonja athari za jambo hilo, kama itakavyoelezwa hapa chini.

Saratani ya matiti ndiyo inayogunduliwa kwa wingi zaidi miongoni mwa wanawake nchini. Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), visa vipya takriban 6,800 vilitokea Kenya mwaka 2020, na wagonjwa zaidi ya 3,000 walifariki mwaka huo kutokana nayo.

Wengi wa wanaofariki hawauawi na uvimbe ulio kwenye titi. Huuawa na chembe zilizotoroka mapema, zikajificha katika mifupa, mapafu, ini au ubongo, kisha zikaamka baada ya miezi au miaka. Huko ndiko kurejea kwa ugonjwa kunakoogopwa.

Vipokezi vya homoni

Protini ya kwanza kati ya hizo ni kipokezi cha estrojeni. Estrojeni ni homoni ya kike inayosafiri katika damu, na kipokezi ni mfano wa kitasa ambacho homoni hiyo hukifungua kama ufunguo. Chembe ya saratani yenye vitasa hivyo hutumia homoni ya mwanamke mwenyewe kama chakula cha kuikuza.

Ugunduzi huu ulitokana na kazi ya mwanakemia Elwood Jensen katika Chuo Kikuu cha Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950. Kabla yake, madaktari walijua tu kwamba baadhi ya wagonjwa hupata nafuu wakiondolewa ovari na wengine hawapati, lakini hawakujua sababu.

Katika ripoti ya maabara kipokezi hiki huandikwa kwa herufi ER, na mwenzake wa projesteroni huandikwa PR. Kando ya herufi hizo huwa kuna asilimia. Kwa kanuni zinazofuatwa kimataifa tangu 2010, asilimia 1 tu ya chembe zikionyesha kipokezi, uvimbe huhesabiwa kuwa chanya, ingawa ule ulio chini ya asilimia 10 hutazamwa kwa tahadhari.

Hapa neno "chanya" huwapotosha wagonjwa wengi. Mgonjwa aliyezoea kusikia kwamba kupatikana "positivu" ni msiba hushtuka anapoliona. Katika jambo hili ni kinyume: chanya ni habari njema kwa kuwa kuna kitasa kinachoweza kuzibwa.

Dawa ya kukiziba ni tamoksifeni, tembe ya bei nafuu inayomezwa kila siku. Mkusanyiko wa tafiti 20 zilizohusisha wanawake zaidi ya 21,000, uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la Lancet, ulionyesha kwamba miaka mitano ya tembe hiyo hupunguza hatari ya saratani kurudi kwa karibu nusu katika miaka mitano ya mwanzo, na kwa takriban theluthi katika miaka mitano inayofuata. Vifo navyo hupungua kwa takriban theluthi moja.

Faida hiyo haipo hata kidogo kwa mwanamke ambaye uvimbe wake hauna vipokezi. Ndiyo maana kipimo chenyewe ni muhimu kama dawa.

Wanawake waliokwisha kukoma hedhi mara nyingi hupewa dawa za kundi jingine, kama vile anastrozoli na letrozoli, ambazo hupunguza utengenezaji wa estrojeni mwilini.

Lakini ER chanya ina sura ya pili ambayo haizungumzwi vya kutosha. Saratani ya aina hii ni mvumilivu. Uchambuzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2017 na kuwahusisha wanawake karibu 63,000 waliopangiwa miaka mitano ya dawa za homoni, ulibaini kwamba ugonjwa uliendelea kurudi, polepole lakini bila kukoma, kuanzia mwaka wa tano hadi wa 20.

Kwa waliokuwa na uvimbe usiozidi sentimita mbili na ambao tezi zao za kwapani hazikuguswa, hatari ya saratani kuzuka katika sehemu nyingine ya mwili katika kipindi hicho ilikuwa asilimia 13. Kwa waliokuwa na uvimbe wa kati ya sentimita mbili na tano, na tezi nne hadi tisa zimeathirika, ilifika asilimia 41.

Mtu akisoma takwimu hizo anaelewa mbona daktari husisitiza tembe ziendelee hata mama anapojihisi mzima kabisa, na mbona baadhi huongezewa miaka mitano zaidi. Kuacha dawa kwa sababu ya joto la ghafla mwilini au maumivu ya viungo ni jambo la kawaida, na linaeleweka, ila ni vyema lizungumzwe kliniki kabla ya chupa kuwekwa kando. Aliyekoma hedhi kisha akatokwa na damu akitumia tamoksifeni anapaswa kurudi kwa daktari bila kuchelewa, kwa kuwa dawa hiyo huongeza kidogo hatari ya saratani ya mji wa mimba.

HER2 na Ki-67

Protini ya pili kwa umuhimu ni HER2. Kila chembe ya kawaida ya titi inayo kwa kiasi kidogo, na kazi yake ni kupokea ishara za kukua. Katika baadhi ya saratani chembe hutengeneza HER2 kupita kiasi, na ishara za kukua zikawa hazikomi.

Mwaka 1987 Dkt Dennis Slamon na wenzake nchini Marekani walichunguza uvimbe wa wanawake 189 na kugundua kwamba katika asilimia 30 hivi, jeni inayotengeneza HER2 ilikuwa imejirudufu. Wagonjwa hao ndio ambao saratani iliwarudia haraka na wakafariki mapema. Tafiti za baadaye zilishusha kiwango hicho hadi kati ya asilimia 15 na 20.

Kwa takriban miaka kumi, HER2 ilikuwa tangazo la maafa tu. Mambo yalibadilika mwaka 1998 Marekani ilipoidhinisha trastuzumabu, inayofahamika zaidi kwa jina la kibiashara la Herceptin. Dawa hiyo hujishikiza kwenye HER2 na kuizuia isifanye kazi. Ikitolewa kwa mwaka mmoja pamoja na tibakemikali baada ya upasuaji, hupunguza kurejea kwa saratani kwa angalau theluthi.

Ripoti huipa HER2 alama kuanzia 0 hadi 3+. Alama ya 3+ ni chanya. 0 na 1+ ni hasi kwa mintarafu ya Herceptin. Alama ya 2+ si jibu bado, kwani sharti uvimbe upimwe tena kwa njia ya kuhesabu jeni zenyewe. Mgonjwa mwenye 2+ ambaye hakuambiwa lolote kuhusu kipimo cha pili ana haki ya kuuliza.

Gharama ndiyo iliyokuwa kikwazo. WHO iliiingiza trastuzumabu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka uliofuata serikali ya Kenya iliingia katika makubaliano na kampuni ya Roche ili wagonjwa waipate katika hospitali za umma. Mnamo 2025 Wizara ya Afya ilitangaza mapatano mapya ambapo bei ya kikao ilishuka kutoka Sh120,000 hadi Sh40,000, kiasi ambacho kingelipwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024.

Hata hivyo, mpango wowote wa dawa ya HER2 huanzia katika karatasi ya maabara. Asiye na matokeo ya kipimo hawezi kuingizwa katika mpango huo.

Protini ya tatu ni Ki-67, inayoonekana tu ndani ya chembe iliyo katika harakati za kugawanyika. Jina lake lina asili ya ajabu kidogo: "Ki" ni mji wa Kiel nchini Ujerumani, na 67 ni namba ya kishimo katika sahani ya maabara ambamo watafiti walipata kingamwili ya kuitambua mwaka 1983.

Asilimia kubwa ya Ki-67 humaanisha uvimbe unaokua kwa kasi na wenye uwezekano mkubwa wa kurudi. Udhaifu wake ni kwamba wataalamu wawili wanaweza kuhesabu kipande kimoja na kupata majibu tofauti. Jopo la kimataifa lililochunguza suala hilo lilikubali mwaka 2021 kwamba asilimia 5 kushuka chini, au 30 kwenda juu, zinaaminika. Namba zilizo katikati si za kumkosesha mtu usingizi.

Uvimbe usiokuwa na ER, PR wala HER2 huitwa "hasi tatu". Huu ndio unaoogopewa zaidi kwa kuwa hauna kitasa cha kuzibwa, na tegemeo kubwa huwa ni upasuaji, tibakemikali na, pale inapohitajika, matibabu ya miale. Hatari yake hujitokeza mapema, hasa katika miaka mitatu ya kwanza. Mwanamke akivuka mwaka wa tano salama, uwezekano wa ugonjwa huo kumrudia huwa mdogo sana. Yaani mwenendo wake ni kinyume cha ule wa ER chanya, na ndivyo ratiba ya ufuatiliaji inavyostahili kueleweka.

Kosa la saa ya kwanza

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba saratani ya matiti ya wanawake wa Afrika Mashariki ni ya aina tofauti, isiyokuwa na vipokezi vya homoni. Utafiti wa wagonjwa wa hospitali ya Kijabe, uliochapishwa mwaka 2008, ulipata vipokezi katika takriban robo tu ya waliopimwa. Waandishi wake waliuliza iwapo huu ulikuwa ugonjwa tofauti kibayolojia.

Mwaka 2014 Dkt Shahin Sayed wa Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, na wenzake walichapisha utafiti wa visa 301 kutoka vituo mbalimbali nchini. Safari hii vipande vilikusanywa kwa mpango na kutunzwa kwa utaratibu mmoja tangu vilipotolewa mwilini.

Matokeo yalikuwa asilimia 72.8 kwa ER, 64.8 kwa PR na 17.6 kwa HER2. Waliokuwa hasi tatu walikuwa asilimia 20.2. Viwango hivyo havipishani sana na vile vya Ulaya.

Tofauti kati ya robo na karibu robo tatu ni kubwa mno. Haiwezi kuelezwa yote kwa sababu moja, kwani idadi na aina ya wagonjwa wa tafiti hizo mbili hazilingani. Lakini utunzaji wa vipande ni miongoni mwa sababu zinazotiliwa maanani sana na wanapatholojia, na maana yake kwa mgonjwa ni nzito. Mwanamke anayeandikiwa "ER hasi" kimakosa hunyimwa tembe ambayo ingepunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa wake kurudi.

Kosa hutokea hivi. Kipande kikishatolewa mwilini hukosa damu, na protini huanza kuoza. Njia ya kuzigandisha ni kukitumbukiza katika fomalini, kemikali inayohifadhi nyama ikabaki kama ilivyokuwa. Kanuni za kimataifa zinataka hilo lifanyike ndani ya saa moja, na kipande kikae humo kwa muda usiopungua saa sita wala kuzidi 72.

Fomalini hupenya polepole, takriban milimita moja kwa saa. Titi zima likitiwa ndoo bila kupasuliwa, nje huhifadhika huku uvimbe ulio ndani ukiendelea kuharibika. Ndiyo sababu linapaswa kukatwa vipande vyembamba, na fomalini iwe nyingi, mara kumi hivi ya ujazo wa nyama yenyewe.

Sasa fikiria upasuaji uliofanyika Ijumaa alasiri katika hospitali yoyote ndogo ya mashambani. Maabara zinazopima protini hizi ni chache nchini, na nyingi ziko Nairobi. Kutoka mji wa Machakos ni mwendo wa kilomita zaidi ya 60 tu, lakini umbali si hoja. Hoja ni saa ngapi chupa imekaa juu ya meza ikisubiri malipo, au ikisubiri Jumatatu, au ikisubiri jamaa wa mgonjwa apande matatu nayo mkobani.

Jambo hilo la jamaa kubeba chupa si hadithi ya kuchekesha. Familia nyingi zimewahi kukabidhiwa kazi hiyo bila kuelezwa thamani ya mzigo wenyewe.

Maabara ikikipokea kipande, hukitia ndani ya nta, hukata utando mwembamba kuliko karatasi, kisha humwagia kingamwili zinazonata kwenye protini inayotafutwa na kuipaka rangi ya kahawia. Mwanapatholojia hutazama kwa hadubini na kuhesabu.

Ipo njia ya kutambua kosa. Katika kipande kimoja aghalabu huwemo pia sehemu ya titi isiyo na saratani, na chembe zake za kawaida huwa na ER. Nazo zikikosa rangi, basi kipimo kimeharibika, na jibu la "hasi" halifai kuaminiwa. Mwanapatholojia makini huliandika jambo hilo katika ripoti na kuomba kipande kingine.

Vipimo vya damu

Wagonjwa wengi, kwa hofu inayoeleweka, hulipia vipimo vya damu viitwavyo CA 15-3 na CEA kila baada ya miezi michache. Hivi pia hupima protini zinazotokana na uvimbe, na majina yake huwapa watu matumaini kwamba saratani itanaswa kabla ya kujitokeza.

Chama cha madaktari wa saratani nchini Marekani kilishauri tangu zamani, na kikarudia katika mwongozo wa mwaka 2007, kwamba visitumiwe kumfuatilia mwanamke asiye na dalili baada ya matibabu. CA 15-3 inaweza kupanda kwa sababu ya maradhi ya ini ambayo si saratani, na inaweza kutulia kabisa huku ugonjwa umekwisha kurudi. Hata inapopanda kwa sababu halisi, haijathibitishwa kwamba kuujua ugonjwa miezi kadhaa mapema kwa njia hiyo hurefusha maisha.

Vina manufaa kwa mgonjwa ambaye saratani yake imekwisha kuenea, ili daktari aone kama dawa inafanya kazi. Kwa wengine, fedha hizo zingefaa zaidi kulipia mamogramu ya kila mwaka ya titi lililosalia, au nauli ya kwenda kliniki.

Kuna pia vipimo vya jeni nyingi kwa pamoja, kama Oncotype DX kinachosoma jeni 21. Utafiti mkubwa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kinaweza kuwaepusha wanawake wengi wenye ER chanya na tibakemikali wasiyoihitaji. Lakini bei yake haiwezi kumudiwa na mkulima wa Mwala, na si busara kukizungumzia kabla ER, PR na HER2 hazijapimwa vizuri.

Ripoti ya vipimo hivyo inapaswa kutunzwa na mgonjwa mwenyewe, nakala mbili ikiwezekana, kwa kuwa faili hupotea na madaktari huhamishwa. Sehemu za kuangalia ni ER na asilimia yake, PR na asilimia yake, alama ya HER2, idadi ya tezi za kwapani zilizochunguzwa na zilizoathirika, na ukubwa wa uvimbe.

Kile kibonge cha nta nacho hakitupwi mara moja. Hubaki katika rafu za maabara kwa miaka, na kinaweza kukatwa na kupimwa upya endapo shaka itazuka au dawa mpya itapatikana.

Na iwapo saratani itarudi, kibonge hicho hakitoshi. Madaktari hushauri kipande kipya kitolewe pale ilipozuka, kwenye ini au mfupa, pindi inapowezekana, kwa sababu protini hubadilika. Katika takriban mgonjwa mmoja kati ya watano, hali ya ER huwa si ile iliyoandikwa mara ya kwanza, na dawa iliyofaa wakati ule huenda isifae tena.